Uzito Upi?

Machi mwaka jana nilipata kazi ya kutafsiri kijitabu cha kurasa 32. Ilitoka kwa kampuni moja ya utalii wa uwindaji, na kijitabu kilikuwa cha wafuata nyayo, wabeba bunduki na madereva wanaoingia porini na wageni. Mada ilikuwa moja tu: namna ya kukaa karibu na bunduki ya mtu mwingine bila kupata madhara. Wanaonisoma hapa wanajua mimi ni mtu wa riwaya. Lakini riwaya hailipi bili ya umeme, na hawa walilipa nusu ya pesa siku hiyohiyo. Nikaketi kazini.

Ukurasa wa 19 ulizungumzia wageni wanaobadilisha vifyatulio vya bunduki zao. Hapo niliandika sentensi ambayo, wakati naiandika, nilijiona bingwa: “Kuondoa kifyatulio cha kiwandani na kuweka kingine kilichonunuliwa kando hupunguza uzito wa bunduki hadi paundi 2.” Nilikuwa nimekishinda kishawishi cha kuandika triga kama kila mtu. Sentensi ilisimama vizuri. Haikuwa na kosa la sarufi hata moja.

Jumamosi nikaenda Kihonda, Morogoro, kwa wazazi. Baba ana miaka 74. Alikuwa askari wa wanyamapori, alisoma Pasiansi, akafanya kazi Selous mpaka alipostaafu. Miaka mingi ya kazi yake aliitumia kufuatana na wageni wawindaji kwa niaba ya serikali, kuhakikisha wanapiga kilichoandikwa kwenye kibali na si kingine. Nikampa rasimu aisome, maana nani mwingine ningempa? Akavaa miwani, akachukua kalamu nyekundu. Baba hasomi haraka. Husoma kama mtu anayefuata nyayo: anainama, anarudi nyuma hatua mbili, anatazama tena. Mimi nilikuwa jikoni na mama tunapepeta mchele. Nikasikia:

“We mama, hebu njoo hapa.”

“Abee, baba.”

“Hii bunduki ya paundi 2 umeiona wapi?”

Nikamwambia sijaiona, ndivyo kilivyosema kitabu cha Kiingereza.

“Paundi 2 haifiki kilo moja. Hata mtutu peke yake unazidi hapo. Hii itakuwa ya mtoto kuchezea sikukuu ya Idi.” Akaigonga sentensi yangu kwa kalamu. “Uzito upi huu unaousema?”

Nikabaki nimesimama na ungo mkononi. Kwangu mimi uzito ulikuwa mmoja. Kitu kinawekwa kwenye mizani, mizani inasema, basi. Baba akanitazama, akatikisa kichwa, akaingia chumbani na kurudi na chupa tatu za maji, zile za plastiki ambazo mama hazitupi: mbili za lita moja na nusu, moja ya nusu lita. Akazijaza maji bombani. Akazifunga shingo kwa kamba ya katani, akaacha kitanzi.

“Lete kidole.”

Nikatoa kidole cha shahada. Akaning’iniza chupa mbili kubwa kwa pamoja. Kidole kikaanza kutetemeka.

“Hapo unavuta kilo 3, paundi 6 na nusu hivi. Bunduki nyingi za kiwandani za zamani zilikuwa karibu na hapo. Unavuta, unavuta, unajiuliza kama sefti imefungwa.” Akatoa chupa moja. “Hapa ni kilo moja na nusu, paundi 3 na kitu. Hapa ndipo mwindaji anapotaka. Wengi watakuambia kati ya paundi 2 na nusu na 4.” Akaitoa na hiyo, akaweka ile ndogo. Nilikuwa kama sijabeba kitu. “Hii ni nusu kilo. Paundi moja na ushee. Mtu akibadilisha triga, anaweza kuishusha mpaka hapa kama anataka. Na wale wanaoshindana kupiga shabaha wakiwa wamekaa mezani wanashuka zaidi, mpaka aunsi 2. Hiyo ni kama kutundika yai.”

Basi huo ndio uzito uliokuwa ukizungumzwa kwenye ukurasa wa 19: nguvu ambayo kidole kinapaswa kuitoa ili bunduki ilie. Hauhusiani na mizani ya bega. Uzito wa bunduki yenyewe, ule ninaoujua mimi na wewe, haubadiliki kwa kitu cha kusema. Kifyatulio pamoja na kisanduku chake cha chuma kinaingia kwenye kiganja na kiganja kinafumba. Ukitoa cha zamani ukaweka kipya, bunduki itapungua gramu chache, au itaongezeka gramu chache, kutegemea kipya kimetengenezwa kwa nini. Ukitia risasi tatu kwenye mfuko wa shati umeshazirudisha zote.

Nikamuuliza baba: sasa kama bunduki haipungui, mtu anatoa pesa zake za nini? Alikuwa akilisubiri swali hilo. Watu waliostaafu wanapenda sana kuulizwa mambo ya kazini.

“Chukulia bunduki ina kilo 4 na darubini yake. Triga inataka kilo 3. Maana yake kidole chako kinavuta karibu sawa na uzito wa bunduki nzima. Utaachaje kuitikisa? Unalenga bega la nyati, risasi inakwenda tumboni, halafu tunashinda siku nzima tunamtafuta mnyama aliyejeruhiwa kwenye majani. Ukiipunguza triga ikawa kilo moja na nusu, bunduki inatulia. Ni ileile kilo 4, lakini utaapa imeongezeka uzito, jinsi inavyokaa.”

Hilo lilinifurahisha. Niliporudi Dar nikalifuatilia. Kumbe hesabu inazidi kuwa kali kadiri bunduki zinavyozidi kuwa nyepesi. Siku hizi zipo za kupandia milima ambazo hazifiki kilo 3. Mwenye bunduki ya namna hiyo akiwa na kifyatulio kigumu, kidole chake kinashindana na bunduki, na mara nyingi kidole kinashinda, mdomo wa mtutu unakwenda kando. Ndiyo maana anayenunua bunduki nyepesi hukumbuka kifyatulio mapema. Kinachompa raha njiani ndicho kinachomsumbua wakati wa kulenga. Na wepesi huo unamdai mara ya pili, begani, kwa sababu bunduki nyepesi inapiga teke kuliko nzito ya risasi ileile. Baba alikuwa na .458 ya serikali iliyozidi kilo 4 kabla hujatia risasi. Anasema alilalamika njia nzima kila siku, na hakulalamika hata mara moja baada ya kufyatua.

Nikajifunza pia kilichomo ndani. Katika bunduki ya bolti kuna pini inayogonga fataki ya risasi, na nyuma yake springi kali. Ukikoki, pini inarudi nyuma na kuzuiwa na kipande kidogo cha chuma, tuseme ulimi. Kifyatulio ndicho kinachouegemeza ulimi huo. Sehemu ambapo chuma na chuma vinashikana haifiki milimita moja. Kwenye hiyo milimita ambayo haijatimia ndipo kila kitu kilipo. Anayetaka kupunguza uzito wa kidole ana njia tatu: asugue nyuso zile ziteleze, alegeze springi, au apunguze sehemu zinazoshikana. Ya kwanza ni ustadi. Mbili zinazobaki zina mpaka wake, na ukiuvuka, bunduki ikigongwa chini inaweza kufyatuka bila mtu. Ndiyo maana wengi hawathubutu kuchezea cha kiwandani, wananunua kipya kilichopimwa na waliokitengeneza. Marekani kampuni ya Timney inafanya kazi hiyo tangu 1946. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Savage ilianza kuuza bunduki ambazo kifyatulio chake mwenyewe anaweza kukirekebisha, kikiwa na ulimi mwembamba katikati unaozuia kisifyatuke kwa kugongwa, na viwanda vingine vikafuata. Na kabla ya hao wote, Wajerumani na Waaustria walikuja Tanganyika na bunduki za vifyatulio viwili: cha nyuma kinatega, cha mbele kinafyatua kwa mguso tu.

Unaona neno hilo, kutega? Kiswahili kililijua jambo hili kabla ya bunduki. Mtego una kijiti. Ukikigusa, unafyatuka. Tofali linafyatuliwa, mtego unafyatuka, na mtu asiyejizuia maneno tunasema yamemfyatuka. Katika yote hayo kuna nguvu iliyokwisha kukusanywa, na kitu kidogo kinachoizuia.

Lakini hayo niliyapata baadaye. Jumamosi ile, baada ya somo la chupa, nilicheka. Nikamwambia baba, afadhali umeliona wewe, ningeaibika. Yeye hakucheka. Alikuwa akifungua kamba kwenye shingo za chupa, mojamoja, kwa utulivu uliozidi.

“Mimi nimewahi kukosea hivyohivyo,” akasema. “Neno hilohilo.”

Kisha akanisimulia, na nitaandika kama alivyosimulia, kwa ruhusa yake na ya mtu mwingine ambaye mtamwona hapa chini.

Ilikuwa Agosti 1998, mwaka wa mvua za El Niño, majani yalikuwa bado marefu kuliko kawaida. Mgeni alitoka Marekani, mtu mpole, na bunduki ya .300 aliyokuwa ameibadilisha triga kwa fundi wa kwao. Asubuhi ya siku ya pili, mwindaji bingwa akiwa kwenye redio ya gari, mgeni alitoa bunduki yake kwenye mfuko na kumkabidhi mbebaji. Akasema kitu. Aliyekuwa karibu mwenye Kiingereza ni baba, Kiingereza chake cha kidato cha nne.

“Alisema tuwe waangalifu, ni nyepesi sana. Basi. Nikajiuliza, mtu anaogopa nini kwa kitu chepesi? Nikadhani anaogopa tusiigonge ikapinda. Nikamwambia mwenzangu: anasema uitunze, ni nyepesi, usiigongegonge.”

Mwenzake huyo ni mtu ambaye mimi nimekua namwita Bamdogo. Hatuna damu moja. Alifuata nyayo na kubeba bunduki katika kambi zile tangu ujana, na baba alipopangiwa kambi yao wakawa ndugu. Nikiwa mdogo alikuwa akija nyumbani na asali kwenye galoni. Alipoambiwa bunduki ni nyepesi, Bamdogo aliipima mkononi akasema, “Basi leo nimepumzika.”

Saa nne wakawapata nyati dume wawili kwenye kichaka. Mgeni akaweka bunduki juu ya ile miti mitatu ya kuegemezea, akafungua sefti, akalenga. Nyati wakaondoka kabla hajawa tayari. Wote wakaanza kuwafuata kwa haraka. Mbele kulikuwa na korongo. Mgeni, ambaye hakuwa kijana, akampa Bamdogo bunduki ili ashike mizizi kwa mikono miwili. Risasi ilikuwa chemba. Sefti ilikuwa wazi. Bamdogo alikuwa mtu wa bunduki ngumu, zile za serikali na za kambi ambazo unaweza kuzishika namna yoyote zisiseme kitu, na kidole chake kilikaa pale kilipozoea kukaa. Kokoto zikateleza chini ya kiatu.

Risasi ilipita kwenye mguu wake wa kushoto, juu ya kifundo. Walimbeba, wakampakia garini, wakasafiri mchana kutwa. Mguu ulikatwa chini ya goti.

“Jioni,” baba akasema, “mgeni alikuwa analia kambini. Anarudia palepale: niliwaambia ni nyepesi, niliwaambia. Na safari hii alikuwa anaonyesha kwa kidole, hivi.” Baba akakunja kidole cha shahada hewani, kidogo tu. “Hapo ndipo nilipoelewa.”

Kesho yake baba ndiye aliyeandika ripoti. Aliandika kwamba risasi ilikuwa chemba, kwamba mwenye bunduki hakurudisha sefti, kwamba mbebaji alikuwa ameweka kidole ndani ya kikingio. Makosa matatu. Waliosoma ripoti juu yake walilichukua la tatu, wakaliita uzembe wa mbebaji. Bamdogo alilipwa mshahara wa miezi mitatu, na maisha ya pori yakaishia hapo.

“Kila neno nililoandika lilikuwa kweli,” baba akasema. “Ila makosa yalikuwa manne.”

Nilimuuliza kama Bamdogo anajua. Akasema hajui. Miaka yote Bamdogo amekuwa akimwambia kila mtu kwamba alijipiga mwenyewe kwa ujinga wake. Hata mimi nilikuwa nimemsikia akisema hivyo, akicheka.

Kuna kitu kingine nikakielewa hapohapo, nacho sikumwambia. Tangu nilipoanza kazi, kila tarehe 5 baba hunituma nimtumie Bamdogo elfu ishirini kwa M-Pesa. “Ni hela yake,” huwa anasema. Siku zote nilidhani alikopa shamba.

Usiku ule hatukulala mapema. Mimi nikiwa na uchungu hukimbilia vitabu, ni ugonjwa wangu. Nikamsimulia baba hadithi fupi ya Hemingway ya mwaka 1936, ile ya Francis Macomber, Mmarekani aliyekuja kuwinda Afrika Mashariki na mkewe. Mwishoni nyati anamjia Macomber, mkewe aliyeko garini anafyatua bunduki, Mannlicher ya 6.5, na risasi inampata mumewe kichwani. Nikamweleza kwamba wasomaji wanabishana mpaka leo: alimlenga nyati, au alimlenga mume? Nilitaka kumfariji, nadhani. Nilitaka kumwonyesha kwamba watu wenye akili zao wameshindwa kuamua kosa la risasi moja ni la nani.

Baba akafikiri. “Triga ya bunduki ile ilikuwa ngumu au laini?”

Nikasema hadithi haisemi. Baadaye nilisoma kwamba nyingi katika Mannlicher za zama zile zilikuwa na vile vifyatulio viwili, cha kutega na cha kugusa. Sijaona mhakiki aliyeanzia hapo. Baba alianzia hapo kwa sababu kwake swali la nia linakuja baada ya swali la kidole. Kwanza ujue kidole kilitakiwa kutoa nguvu kiasi gani. Kama ni kilo 3, mtu amekusudia, hakuna kilo 3 za bahati mbaya. Kama ni yai, nani ataapa?

Asubuhi nikarudi kwenye sentensi yangu. Nilikuwa na tatizo la kawaida la kazi: nimeshajua maana, sina neno. “Uzito wa kifyatulio” ungemrudisha msomaji palepale kwenye mizani. Nikamuuliza baba wao porini walikuwa wakisemaje. Akanyamaza kidogo, akasema, “Muulize Bamdogo. Yeye ndiye alikuwa anazibeba.”

Nikampigia mbele ya baba, simu ikiwa kwenye spika. Shikamoo, marahaba mwanangu, mama hajambo, mvua huko vipi. Nikamweleza kazi niliyonayo. Akafurahi sana kwamba hatimaye wabebaji wanaandikiwa kitabu.

“Sisi tulikuwa tunasema laini na ngumu,” akasema. “Triga laini, triga ngumu. Nzito na nyepesi ni bunduki.”

Ni maneno mepesi kiasi hicho. Kamusi tatu nilizonazo mezani hazikunipa.

“Kwani wewe ulikuwa umeandikaje?” akaniuliza.

Na mimi, kwa ujinga wa mtu anayependa kuchekesha wazee, nikamsomea sentensi yangu ya zamani. Nikamwambia Kiingereza chao kinasema nyepesi, mimi nikaielekeza kwenye bunduki badala ya triga. Nikasubiri acheke.

Simu ikawa kimya. Nikadhani imekatika. Nikasikia jogoo upande wa pili.

“Nyepesi,” Bamdogo akasema taratibu. “Baba yako alisema nyepesi.”

Baba alikuwa ameketi mbele yangu na mikono yake juu ya magoti. Hakusogea.

“Yuko hapo?”

“Yupo, Bamdogo.”

“Ondoa spika. Mpe simu.”

Baba akachukua simu, akatoka nje. Kupitia dirishani nilimwona amesimama chini ya mwembe, amevua kofia, kama mtu anayezungumza na mtu aliye mbele yake. Alizungumza kidogo sana. Sehemu kubwa alisikiliza. Aliporudi alinipa simu bila kunitazama, ikisema dakika 11.

“Amesema hela nisitume tena,” akasema. “Amesema niipeleke mwenyewe.”

Wiki mbili baadaye tukapanda basi kwenda Kisaki. Njia ile ni ndefu kuliko ramani inavyosema, na mvua zilikuwa zimeanza. Baba alivaa shati la kanisani. Bamdogo ana genge dogo karibu na stesheni ya reli, nyanya, vitunguu, dagaa, mafuta ya kupima. Alituona tukiteremka na hakusimama. Gongo lake lilikuwa limeegemea mbao. Baba alipofika karibu alianza kusema kitu, Bamdogo akamkatisha.

“Kaa kwanza. Umetoka mbali.”

Walikaa kwenye benchi moja mpaka jua likateremka. Nilinunua soda, nikaenda kutazama reli, nikarudi, nikaenda tena. Sikuyasikia yote na niliyoyasikia si yote ya kuandika. Nitaandika moja. Bamdogo alisema, “Miaka yote nimejiita mjinga mbele ya watoto wangu.” Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama anayetaja bei ya kitu ambacho mwenzake alikuwa hajui kiliuzwa kiasi gani. Baba akainamisha kichwa, na Bamdogo akamwacha akiinamishe muda mrefu, kisha akamwagia chai.

Kabla hatujaondoka akamwita mjukuu wake, kijana wa miaka 20, ambaye alikuwa anaondoka Julai kwenda kambini kwa mara ya kwanza kubeba bunduki. Akaniambia nisome ukurasa wa 19, kwa sauti, mbele yake. Nikasoma rasimu mpya, yenye laini na ngumu. Kijana akatikisa kichwa kukubali, kama vijana wanavyotikisa. Bamdogo hakuridhika. Akasema kitabu kinaeleza vizuri kitu chenyewe ila hakimwambii mtu afanye nini. Akaninyooshea kidole.

“Andika. Mgeni akisema bunduki yake ni nyepesi, muulize: nyepesi mkononi au nyepesi kidoleni? Na mpaka akujibu, usiipokee.”

Nikaandika hapohapo, nyuma ya risiti ya basi. Baba akaomba aione. Akavaa miwani, akaisoma kwa mwendo wake, akaomba kalamu, akaongeza: “Na akupe ikiwa haina risasi chemba.” Bamdogo akasoma, akasema sawa, hiyo nayo iwemo.

Nilipowasilisha kazi, kampuni iliniandikia kwamba ukurasa wa 19 una sentensi mbili ambazo hazimo kwenye Kiingereza, niziondoe ndipo walipe nusu iliyobaki. Nikawajibu kwamba ni kweli, hazimo. Mpaka leo tunaandikiana. Kijana wa Kisaki aliondoka Julai na nakala yake, niliyompigia chapa mwenyewe, kurasa zote 32.